Plastiki kutoka jaruba la chumvi: mwongozo wa kufuga bakteria wapenda chumvi katika maabara ndogo

Ukiwa na sukari, pampu ya hewa ya tangi la samaki, ndoo safi na chumvi ya mawe, unaweza kupata unga mweupe wa plastiki iliyotengenezwa na bakteria. Plastiki hiyo ni polihidroksibutireti, kwa kifupi PHB. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza mwaka 1926 akichunguza bakteria wa jamii ya Bacillus. Kwa bakteria mwenyewe ni akiba: chakula kikizidi na kirutubisho kingine kikipungua, anageuza sukari kuwa chembe nyeupe na kuzihifadhi ndani ya seli.

Bakteria wengi wanaweza kazi hiyo. Tabu ni usafi. Ukifuga bakteria wa kawaida kwenye maji ya sukari, kila kijidudu kilichoko hewani kitajialika, kwa hiyo lazima uchemshe kwa mvuke wenye shinikizo, ufunge kila tundu na ulipie umeme. Mpenda chumvi anakupunguzia mzigo huo. Kwenye maji yenye chumvi gramu 60 kwa lita na pH 9, yaani yenye ukali wa magadi, wageni wengi hawafurukuti. Kundi la Guo-Qiang Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, lilitangaza mwaka 2011 kazi ya bakteria mpenda chumvi Halomonas TD01, aliyetolewa ziwa la chumvi la Aydingkol, Xinjiang. Walimfuga kwa siku 14 mfululizo bila kusafisha mitambo kwa mvuke, na katika ufugaji wa saa 56 walipata zaidi ya gramu 80 za seli kavu kwa lita, asilimia 80 yake ikiwa PHB.

Wewe hutafikia hapo kwa ndoo. Mwongozo huu ni wa maabara ya chuo, ya sekondari yenye mwalimu wa kemia anayejiamini, au ya mtu anayetaka kujua kama biashara hii ina miguu kabla ya kuomba mkopo. Na nasema mapema: kinachoamua kama ina miguu si bakteria, ni hesabu ya chumvi. Tutaifikia.

Hatua ya 1: Ruhusa, kisha sampuli

Pwani yetu ina majaruba ya chumvi kuanzia Gongoni na Marereni kule Kilifi hadi Bagamoyo, Lindi na Mtwara. Bara kuna chemchemi za Uvinza, Ziwa Magadi, Natron, na Katwe upande wa Uganda. Popote uendapo, mwone mwenye jaruba kwanza. Kama kazi ni ya utafiti, kuna NACOSTI (tume ya sayansi) na NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa Kenya, na COSTECH (tume ya sayansi) kwa Tanzania. Usitume kichupa nje ya nchi kienyeji. Vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa miaka ya 1990 viliishia kwenye vimeng'enya vya viwandani ughaibuni, na mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, likalazimika kujitokeza kudai sehemu ya faida.

Usikimbilie jaruba jekundu. Wekundu ule hutoka kwa mwani mdogo na kwa akea (vijidudu wa seli moja wanaofanana na bakteria), viumbe wanaotaka chumvi nyingi kuliko tunayoihitaji. Nenda kwenye mabwawa ya kati, ambako maji yamekolea lakini chumvi haijaanza kuganda. Wafanyakazi wa chumvi hupima kwa haidromita ya Baumé: maji ya bahari husoma kama 3.5, na chumvi huanza kuganda kwenye 25 na ushee. Chukua pale inaposoma 8 hadi 15. Kwangua tope la juu pamoja na maji kidogo, jaza vichupa vitatu au vinne kutoka sehemu tofauti, andika mahali na kipimo, na uviweke kivulini. Barafu haihitajiki ukivifikisha maabara siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Mchuzi

Kwa lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi:

- chumvi ya mawe gramu 60 (kwa kuchuja bakteria mara ya kwanza, gramu 100)
- glukosi gramu 20
- amonia salfeti gramu 1. Mbolea ya SA ya dukani inatosha
- potasiamu fosfeti gramu 1.5
- dondoo ya hamira gramu 1
- magnesiamu salfeti gramu 0.2
- chuma sitreti, chembe chache tu
- magadi au sodiamu kaboneti hadi pH ifike 9

Mpangilio wa kuchanganya una maana kuliko vipimo vyenyewe. Chumvi ya mawe ina kalisiamu na magnesiamu za bahari. Ukitia magadi, maji yanageuka ghafla kuwa meupe kama tui. Hiyo ni chokaa inayojitenga, haijaharibika kitu. Lakini ukiwa umeshatia fosfeti, chokaa itaondoka nayo na bakteria wako watalala njaa. Basi: yeyusha chumvi, tia magadi kidogo kidogo huku ukisoma karatasi ya pH, acha usiku kucha, asubuhi mimina maji maangavu kwenye chombo kingine na uache tope chini. Ndipo utie fosfeti na vingine. Magnesiamu salfeti inakuja mwisho kwa sababu sehemu ya ile ya bahari huenda umeitoa, na bakteria wanaihitaji kidogo. Ukungu mwepesi ukitokea hapo, endelea.

Magadi ya sokoni yanafaa kwa majaribio, ila kila gunia lina tabia yake, na yana floraidi. Ukianza kulinganisha matokeo ya wiki hii na ya wiki ijayo, nunua sodiamu kaboneti safi.

Glukosi ichemshe peke yake kwenye maji kidogo. Ikipikwa pamoja na magadi inakuwa ya kahawia, na sehemu ya chakula imepotea. Kama dondoo ya hamira haipatikani, chemsha hamira ya mikate kwa robo saa, iache itulie, utumie maji ya juu.

Kwa nini SA gramu moja tu? Hapa ndipo penye siri ya kazi. Gramu moja ya SA ina naitrojeni kama gramu 0.21, na hamira inaongeza kama 0.1. Seli isiyo na plastiki huwa na naitrojeni kwa takriban asilimia 12 ya uzito wake mkavu, kwa hiyo mchuzi huu unajenga seli gramu mbili na nusu hivi kwa lita, kisha naitrojeni inaisha. Sukari bado ipo. Bakteria hawezi tena kuzaana, ila anaendelea kula, na anachokula anakiweka akiba. Mtu anayeongeza mbolea ili "wanenepe zaidi" anapata bakteria wengi na plastiki kiduchu.

Hatua ya 3: Kuwapata na kuwachuja

Tia mililita 5 za sampuli kwenye mililita 45 za mchuzi wa chumvi gramu 100, tikisa kwenye joto la 30 hadi 37 kwa siku mbili. Mombasa au Mtwara, joto la chumba linatosha. Hamisha kidogo kwenye mchuzi mpya, rudia mara moja, kisha zimua na upake kwenye sahani za petri zenye mchuzi huohuo ulioongezwa agari (unga wa kugandisha) gramu 18 kwa lita. (Mwani unaolimwa Zanzibar hautakupa agari. Ule hutoa karajinani, na hiyo ina mambo yake kwenye chumvi.)

Makoloni (vishada vya bakteria kwenye sahani) ya Halomonas kwa kawaida huwa ya rangi ya krimu, laini, yanang'aa. Chagua kumi au kumi na tano yanayoonekana tofauti, na kila moja lipake upya kwenye sahani yake hadi uone sura moja tu.

Usiruke kipimo kinachofuata. Baadhi ya bakteria wa baharini waitwao vibrio huvumilia chumvi hadi asilimia 8, wengine 10, na wengi hupenda maji ya magadi. Miongoni mwao wamo wanaoharisha watu. Paka kila koloni kwenye sahani ya TCBS, agari maalumu ya kuotesha vibrio; linalostawi humo, lichemshe na ulitupe. Na hata waliobaki, wachukulie kama wageni usiowajua: glavu, hakuna kula maabarani, kila kilichowagusa kichemshwe au kilowekwe dawa ya klorini.

Hatua ya 4: Nani ana plastiki?

Kama una rangi iitwayo Nile red, tia kidogo sana kwenye agari, mikrogramu 0.5 kwa mililita, halafu angalia sahani chini ya taa ya urujuanimno. Wenye akiba hung'aa rangi ya chungwa. Lakini Nile red hushika mafuta ya kila aina, kwa hiyo kung'aa ni fununu tu.

Mimi naamini zaidi rangi ya Sudan black na hadubini. Shida ya wapenda chumvi ni kwamba tone likikauka kwenye kioo, fuwele za chumvi hujaa na huoni kitu. Kausha tone taratibu, kisha zamisha kioo kwenye asidi asetiki ya asilimia 2 kwa dakika tano: seli zinashikamana, chumvi inaondoka. Acha ikauke yenyewe. Mwagia Sudan black (asilimia 0.3 kwenye ethanoli ya asilimia 70) kwa dakika kumi, suuza kwa zailini sekunde chache, kisha rangi ya safranini sekunde kumi, na maji. Tazama kwa lenzi ya mafuta. Seli itakuwa ya waridi, na ndani yake utaona vidoa vya buluu-nyeusi, kimoja hadi kadhaa. Kwa bakteria mzuri aliyekaa siku mbili na sukari, vidoa vinaijaza seli hadi waridi inabaki ukingoni tu. Huyo ndiye wako.

Mhifadhi mara moja: mchuzi wenye bakteria mililita 0.8, gliserini iliyochemshwa mililita 0.2, kwenye friza baridi kuliko zote uliyonayo. Tengeneza vichupa vingi, uweke sehemu mbili tofauti. Umeme hukatika.

Hatua ya 5: Ndoo

Chuma hakifai hapa, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu. Chumvi itakitoboa polepole. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko ni bora na ni rahisi.

Anza na chupa ya mililita 200, itikiswe usiku kucha hadi mchuzi uwe mzito wa maziwa. Imimine kwenye lita mbili za mchuzi mpya. Ukitoboa mfuniko mara mbili, moja kwa mpira wa hewa na moja kwa hewa kutoka yenye pamba, umemaliza ufundi. Hewa isiwe ya kubembeleza: oksijeni huyeyuka kwa shida kwenye maji ya moto, na kwa shida zaidi yakiwa na chumvi. Mapovu yakipanda, tone moja la mafuta ya kupikia huyatuliza.

Kila asubuhi na jioni fanya mambo mawili. Soma pH, bakteria hutoa asidi, kwa hiyo ikishuka chini ya 8.5 ongeza maji ya magadi. Na tazama alama ya kina uliyochora kwenye ndoo siku ya kwanza. Pampu hukausha maji, chumvi inabaki. Pengo lijaze kwa maji baridi, kamwe si kwa maji ya chumvi, la sivyo siku ya tatu utakuwa unafuga kwenye chumvi asilimia 8 bila kujua.

Saa 48 kwa kawaida zinatosha. Ukichelewa sana sukari inaisha, na bakteria anaanza kula akiba yake mwenyewe. Hadubini itakuonyesha: vidoa vikianza kupungua, vuna saa hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kuvuna na kupima bila kujidanganya

Zungusha mchuzi kwenye sentrifuji kwa awamu. Mashapo yaliyobaki chini ndiyo mavuno, na yamelowa maji ya chumvi. Ukiyakausha hivyo na kuyaweka kwenye mizani, utafurahi bure, maana sehemu kubwa ya uzito ni chumvi. Koroga mashapo kwenye maji yaliyotoneshwa, zungusha tena, mara mbili au tatu. Chukua maji ya mwisho, dondoshea nitreti ya fedha. Wingu jeupe likitokea, bado kuna chumvi. Baadhi ya seli zitapasuka kwenye maji matamu, lakini chembe za PHB haziyeyuki kwenye maji, zitabaki kwenye mashapo. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike.

Kuosha huku kuna sababu ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza: amonia ya mbolea ikikutana na klorini ya hatua inayofuata hutoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 7: Kutoa plastiki

Dawa ya kufulia yenye sodiamu haipokloraiti, ile watu wengi huiita Jik hata kama chupa ina jina lingine, huyeyusha seli na kuiacha plastiki. Tumia isiyo na manukato, chupa mpya, kwa sababu nguvu yake hupungua ikikaa kwenye joto. Gramu moja ya seli kavu kwa mililita 50 za dawa, koroga polepole kwa saa moja, si zaidi. Dawa hiyohiyo hukata minyororo ya plastiki, na ukiiacha usiku kucha utapata unga mweupe sana usio na nguvu yoyote.

Zungusha, osha kwa maji hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Usiharakishe kutia ethanoli au asetoni kukausha; zikikuta klorini hutengeneza klorofomu hapo hapo kwenye chupa, mezani kwako. Harufu ikiisha, suuza kwa ethanoli, kausha.

Sasa jiulize kama ni PHB kweli. Njia ya haraka: chembe kidogo kwenye kioo juu ya jiko la maabara. PHB huyeyuka karibu na nyuzi 175. Chumvi haitashtuka, protini itaungua na kunuka nywele. Njia ya kuaminika ni kuchemsha kiasi kidogo kwenye asidi salfyuriki kali kwa dakika kumi. PHB hugeuka asidi krotoniki, ambayo spektrofotometa (kipima mwanga) huiona kwenye nanomita 235. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye uzoefu wa asidi, na inataka kivete (kikombe kidogo cha kipimo) cha kwatzi, maana cha plastiki huziba mwanga huo.

Hatua ya 8: Karatasi ya plastiki

Chini ya kabati la kunyonya hewa, na si kwingine kokote, yeyusha gramu moja kwenye mililita 50 za klorofomu yenye uvuguvugu. Mimina kwenye sahani ya kioo, funika ukiacha mwanya mdogo, acha hadi kesho. Ikikauka haraka inajikunja na kutoboka.

Utabandua karatasi ya rangi ya maziwa, nzuri kuitazama. Ikunje: inakatika kwa mlio. Iache wiki mbili, itakatika upesi zaidi, kwa sababu fuwele zake huendelea kukua kwenye joto la kawaida. PHB tupu ndivyo ilivyo, na ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza habari za mifuko ya sokoni, tangu Kenya ilipoipiga marufuku ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania 2019, watafute kitu kingine. Hii inafaa vitu vigumu vidogo, kama vyungu vya miche vinavyozikwa na mche wake, kwani vijidudu vya udongo huila.

Ukitaka ilegee, tia sodiamu propioneti gramu moja kwa lita kwenye ndoo baada ya siku ya kwanza. Bakteria wengi wataingiza valereti, kiungo cha aina nyingine, katikati ya mnyororo, nayo plastiki itakunjika vizuri zaidi na kuyeyuka kwenye joto la chini. Propioneti ni sumu kidogo kwao, lakini kwenye pH 9 makali yake hupungua. Yupo pia asiyehitaji kusaidiwa: Haloferax mediterranei, akea aliyepatikana kwenye majaruba ya chumvi ya pwani ya Alicante, Hispania, hutengeneza mchanganyiko huo mwenyewe kutoka sukari au wanga, na seli zake hupasuka ukizitia tu maji matamu. Anataka chumvi asilimia 20 na ushee, na haendi mbio. Ukiwa Uvinza au Katwe, ambako maji ya chumvi yamekolea tayari, mimi ningeanza na jamaa zake.

Hesabu ya chumvi

Chukua mfano wa ndoo yetu: seli gramu 5 kwa lita, nusu yake PHB, yaani gramu 2.5. Kila lita imekula chumvi gramu 60. Kilo moja ya plastiki imebeba kilo 24 za chumvi. Mtambo wa Tsinghua wenye gramu 64 za PHB kwa lita hutumia chini ya kilo moja kwa kilo moja. Sukari nayo ina bei, takriban kilo tatu kwa kilo ya PHB mambo yakienda vizuri, lakini sukari unailipia mara moja. Chumvi unailipia ikiingia, na tena ikitoka.

Kwa hiyo maji yaliyobaki baada ya sentrifuji usiyamwage. Chemsha kuua bakteria, pima pH, ongeza sukari, SA na fosfeti pekee, uanze ndoo ya pili. Yanarudiwa mara kadhaa kabla uchafu haujapunguza mavuno. Kila mzunguko pima uzito wa seli ili ujue lini umefika kikomo. Yakichoka, yaanike kwenye beseni pana juani hadi chumvi igande, na chumvi hiyo iwe ya ndoo tu. Usiirudishe kwenye jaruba la mtu anayeuza chumvi ya kula, usiimwage mikokoni, shambani wala karibu na kisima.